Barua ya Kumwachilia Kipa

Miaka ya tisini nilikuwa katibu wa klabu ya mpira Mji wa Kale, na watu wakisikia hivyo hudhani nilikuwa karibu na mpira. Nilikuwa karibu na karatasi. Mechi nyingi nimezitazama kwa jicho moja tu, la pili likiwa kwenye kadi za wachezaji, kwa sababu kadi ikipotea hakuna mchezaji, hata awe hodari vipi. Mchana nilikuwa karani kwenye afisi ya wakala wa kutoa mizigo bandarini. Jioni nilifungua faili za klabu na kupiga barua zake kwa taipureta ya tajiri wangu, ambaye alikuwa mpenzi wa timu na alijifanya haoni.

Nieleze biashara yenyewe ilivyokuwa, maana vijana wa leo wakisikia mkataba wa mchezaji huwaza mamilioni. Mombasa ya siku zile mchezaji hakununuliwa, aliajiriwa. Timu kubwa zilikuwa za makampuni. Kampuni ikimtaka mtu ilimpa kazi: sare, kadi ya hospitali, pesa za nyumba, na saa nane mchana inamwachilia aende mazoezini. Miguu ikishachoka, mpira unamtoka lakini kazi inabaki. Klabu za mtaa kama yetu hazikuwa na kazi ya kumpa mtu. Sisi tulitoa nauli, chakula baada ya mechi, na mafuta ya kuchulia misuli. Tulimlea kijana miaka mitatu minne, akishaiva kampuni inamchukua, nasi tunaanza na mwingine. Lilikuwa likiniudhi jambo hilo, na nikisema kwenye kamati wenzangu wakinicheka, wakiniambia, katibu, hasira zako zipeleke bandarini.

Mikataba yetu nayo ilikuwa ya namna yake. Mchezaji mpya aliletwa Kibokoni, kwenye baraza la nyumba ya mwenyekiti, akaketishwa, akapewa kahawa. Mwenyekiti alimwambia tutakalompa na tutakalotaka kwake, kisha tukainua mikono tukasoma Fatiha. Mambo yamekwisha. Fomu za usajili nilizijaza baadaye, kwa ajili ya chama cha mpira huko Nairobi tu. Kipa wetu, ninayetaka kumzungumzia hapa, alikuwa Mkristo wa Rabai. Siku yake aliinua mikono pamoja nasi, akaitikia amin kwa sauti, na mwenyekiti akampenda tangu siku hiyo.

Alikuwa na miaka ishirini na saba, mrefu, mpole, mikono kama ya mtu wa kuvuta kamba, na kweli alikuwa akivuta kamba. Alifanya kibarua Mbaraki, kwenye gati. Kila asubuhi alisimama langoni na wenziwe wakingoja kuchaguliwa, na asipochaguliwa alirudi Majengo kwa miguu kwenye chumba alichopanga na mkewe. Walikuwa na mtoto mmoja na wa pili yuko njiani. Sijapata kumsikia akilalamika. Alisema tu, ukimuuliza habari za kazi, "Leo wameniruka."

Mwaka mmoja, karibu na mwisho wa usajili, kampuni moja ya huko huko Mbaraki ilimtaka. Kipa wao alikuwa amevunjika kidole na umri ushakwenda. Walichotaka kumpa kipa wetu ni ajira ya kudumu ghalani. Afisa wao wa wafanyakazi, mtu wa bara aliyevaa saa kubwa na kuitazama kila akimaliza sentensi, alinieleza masharti kwa dakika tano. Aliitaka barua ya klabu ya kumwachilia mchezaji, yenye muhuri, sahihi yangu na sahihi ya mwenyekiti mwenyewe. Makamu hakukubalika, afisi za mpira zilikuwa zimechoshwa na barua za kughushi, na sahihi ya mwenyekiti ililinganishwa na ile iliyo kwenye faili. Barua imfikie Alhamisi kabla ya saa kumi alasiri, kwa sababu saa kumi na nusu karatasi zote za kampuni zinapelekwa stesheni ya basi la Nairobi, na Ijumaa usajili unafungwa. Aliitazama saa yake, akaniambia nafasi ni moja tu.

Mwenyekiti hakuwa mtu wa kumzuia mchezaji, lakini hakuwa wa kumtoa bure vilevile. Ugonjwa wake ulikuwa uwanja. Klabu yetu haikuwa na pahali pa kufanyia mazoezi. Tulikuwa tukiombaomba viwanja vya shule, na uwanja wa manispaa tuliupata siku ya mechi tu. Kwa miaka alikuwa akiendesha harambee ya kujenga uwanja wetu. Alikuwa ameshachorewa ramani, yenye jukwaa na vyoo na mti wa bendera, na ramani hiyo ilitundikwa kwenye chumba cha klabu. Ardhi yenyewe tulionyeshwa na mkubwa mmoja mbele ya watu, makofi yakapigwa, na mwaka uliofuata tukakuta imezungushwa ua na ina mwenyewe. Mwenyekiti hakuiondoa ramani ukutani. Basi kampuni ilipomtaka kipa, alisema jambo moja: watupe uwanja wao, jioni mbili kwa wiki. Kampuni wakakubali. Ilikuwa Jumatatu. Mwenyekiti alinishika mkono akaniambia, "Kijana apata kazi, nasi twapata pa kuchezea. Piga hiyo barua nitie sahihi."

Ningeipiga Jumatatu hiyo hiyo, mambo yangekwisha. Lakini karatasi zenye kichwa cha klabu zilikuwa zimeniishia, na mpya ziko kwa mpiga chapa, tayari kesho asubuhi. Ningeweza kutumia karatasi nyeupe na muhuri. Sikutaka. Sikutaka afisa yule wa saa kubwa aione barua yetu akadhani sisi ni timu ya watoto wa mtaani. Nikamwambia mwenyekiti, kesho, ami. Akasema, hapana taabu.

Jumanne alfajiri mamake mwenyekiti akafariki.

Alikuwa bibi mkongwe, amelala kitandani miezi mingi, na hapana aliyeshtuka. Hata hivyo mama ni mama. Saa nne nilichukua karatasi zangu kwa mpiga chapa, nikaipiga barua, nikatia sahihi yangu na muhuri, nikaitia kwenye bahasha na bahasha nikaitia kwenye mfuko wa kanzu. Kisha nikaenda msibani. Alasiri tulimzika Kikowani. Kipa alikuwa ameacha kibarua cha siku ile akaja. Alilipokea jeneza pale Kibokoni, na kwa urefu wake ule ilibidi apinde magoti kidogo ili limkae sawa yeye na wafupi wa upande wa pili. Alikwenda nalo hivyo karibu nusu ya njia.

Wasiojua desturi zetu niwaambie. Kwetu matanga ni siku tatu. Wanawake wako ndani, wanaume nje. Panafungwa turubai katika uchochoro, mabusati yanatandikwa, kahawa haikatiki. Mfiwa anakaa, watu wanakuja kumpa mkono. Siku ya tatu, baada ya alasiri, inasomwa hitima na matanga yanaanuliwa. Katika siku hizo tatu mfiwa haombwi kitu. Hapelekewi shughuli, haletewi karatasi. Sijaona popote palipoandikwa hivyo, na sikumbuki mtu aliyenifundisha. Ni adabu tu, mtu anakua nayo.

Basi nilikaa. Nilikaa pale pale ubavuni mwa mwenyekiti, kwa kuwa mimi nilikuwa mtu wake, na bahasha iko kifuani mwangu, kila nikiinama kuchukua kikombe naisikia ikikunjika. Jumanne niliona ni haki kungoja. Jumatano asubuhi nikajiambia, leo jioni. Jumatano jioni wakaja wazee wa Kuze kutoa pole na nikaona si wakati wake.

Jumatano hiyo hiyo kipa alinisogelea. Alikuwa amekuja tena, amekaa karibu na watu wa mabirika, akiwasaidia kuosha vikombe. Aliniita pembeni, akauliza kwa sauti ya chini, "Bwana katibu, mzee ashatia sahihi?"

"Bado."

"Kesho ndiyo mwisho."

"Najua kama kesho ndiyo mwisho."

Kisha akasema kwamba kwao Rabai watu wakikutana hangani, yaani kwenye matanga, ndiko mambo yao yote husemwa, kwa sababu kila mtu yuko. Alisema hivyo kwa heshima, kama anayetaka kunifungulia njia. "Niende mimi nikamwambie? Nitamwambia pole pole."

Nikamkatalia. Nilimwambia hapa si Rabai, na kama analitaka jina lake libaki zuri Mji wa Kale basi arudi akakae, hayo mengine aniachie mimi. Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema, "Haya, bwana katibu," akarudi kwenye vikombe vyake. Alikuwa akiniamini, na mimi nilipenda kuaminiwa.

Na sasa ninapokumbuka, hayo matanga hayakuwa kimya hata kidogo. Siku ya pili watu walishaanza mazungumzo. Walizungumza bei ya saruji, na nani kagombana na nani kwenye baraza la mji, na mtu mmoja alisimulia kisa cha mbuzi aliyepanda hadi darini hata mwenyekiti mwenyewe akatabasamu. Kulizungumzwa mpira. Palisemwa yote isipokuwa lile moja lililokuwa mfukoni mwangu. Mchana wa Alhamisi, saa sita na kitu, mwenyekiti aligeuka akaniuliza, "Huko klabu vipi? Hakuna linalonihitaji?"

Aliniuliza kwa ulimi wake. Nami nikajibu, "Alhamdulillahi, ami, kila kitu salama. Wewe pumzika."

Sijui kwa nini. Nimejiuliza mara nyingi na jawabu ninalopata halinipendezi. Palikuwa na watu kumi na zaidi wametuzunguka, na mimi nilitaka waseme, yule katibu ana adabu. Haya ilinishika, lakini ndani ya haya hiyo mlikuwa na majivuno. Mtu wa gati angeweza kusubiri. Heshima yangu haikuweza.

Saa nane mwenyekiti aliingia ndani kulala kidogo. Nilimfuata hadi mlangoni nikasimama. Nduguye alinikuta pale akaniuliza, "Wataka kitu?" Nikamwambia nataka maji ya kunywa. Akaniletea, nikayanywa yote, nikamrudishia gilasi.

Ikaadhiniwa alasiri. Tukasali, ikasomwa hitima, ikasomwa dua ndefu, na mimi katikati ya dua nilikuwa nikihesabu dakika. Matanga yalipoanuliwa na watu kuanza kuinuka ilikuwa imepita saa kumi na nusu. Hapo ndipo nilipoitoa bahasha. Nilimwambia mwenyekiti nina barua ndogo, kama hatajali. Aliisoma akiwa amesimama, akaomba kalamu, akaiweka juu ya mgongo wa kiti akatia sahihi. Haikuchukua hata nusu dakika.

"Hii ndiyo ile ya kijana?" akauliza.

"Ndiyo, ami."

"Mbona hukunipa tangu juzi? Mamangu ndiye aliyekufa. Mkono wangu haukufa." Alicheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka, akanirudishia kalamu yangu. "Nenda, mpelekee."

Sikumwambia kwamba saa imepita. Nilimwambia, inshallah, nikatoka nikijikaza nisikimbie mbele ya watu. Nilipofika nyuma ya soko nikakimbia, na kanzu nimeikunja mkononi, hadi nikapata gari la kunifikisha Mbaraki. Bawabu wa kampuni aliniambia karatasi zimekwenda na afisa amekwenda nyumbani.

Ijumaa asubuhi nilikuwa mbele ya meza yake kabla hajavua koti. Aliitazama barua, akaisifu, kweli aliisifu, akasema imeandikwa vizuri. Kisha akaniambia kwamba saa kumi na robo alipeleka jina la kipa wa pili, kijana wa bara ambaye karatasi zake zilikuwa tayari tangu wiki iliyopita.

"Tulikuwa na msiba," nikamwambia. "Mwenyekiti alifiwa na mamake."

"Pole sana. Mimi ningejuaje? Ungenipigia simu, ningemwomba mkubwa wangu tuzuie gari hata nusu saa. Au ningekuja mimi mwenyewe hapo msibani, nikampa mzee mkono na kalamu." Aliitazama saa yake. "Watu wa hapa mnaoneana haya sana, bwana."

Niliichukua barua mezani, nikairudisha kwenye bahasha. Kazi ilikuwa imepata mtu, na uwanja wa jioni mbili nao ukaenda pamoja na kazi.

Nilipotoka, kipa alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara. Alikuwa ameruka kibarua cha asubuhi ili aje kunisubiri, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Alinitazama usoni akajua.

"Mzee hakutia sahihi," akasema.

Hapa ndipo palipokuwa na nafasi yangu, na ilikuwa nafasi pana. Ningesema: alitia, mara tu nilipompa, mimi ndiye sikumpa. Badala yake nikasema, "Mzee alikuwa na msiba. Wajua mwenyewe."

Hilo si uongo. Kila neno ndani yake ni la kweli, na ndiyo maana lilinitoka kwa wepisi. Kipa aligeuka akatazama lango la gati, walipokuwa wenziwe wamebaki wachache wasiochaguliwa. Mwisho akasema, bila ya kupandisha sauti, "Mimi mamake nilimbeba." Kisha akavuka barabara kwenda kujaribu bahati yake kwenye kibarua cha mchana, na shati lake jeupe.

Mwenyekiti naye nilimwambia kampuni wamebadilisha nia, wamechukua mtu wa kwao. Alisikitika, akasema Mungu hakuandika, na wiki ile ile akaanza kuzungumza upya habari za harambee. Hakuna aliyenihoji. Katibu akisema kampuni wamebadilisha nia, nani atakwenda kuuliza?

Msimu ukaanza. Kipa alibaki kwetu, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, na alidaka vizuri kuliko msimu wowote. Sikuwa nimelitarajia hilo. Nadhani ningefarijika kama angedaka vibaya. Mkewe alijifungua salama katika hospitali kuu, mtoto wa kike. Wachezaji walichanga kidogo kidogo wakampelekea, nami nikatoa zaidi ya wengine. Alinishukuru sana. Kwangu mimi hakubadilika hata kidogo, aliniita bwana katibu na kunipokea begi la kadi nikiwa nalo zito.

Aliyembadilikia ni mwenyekiti. Ilikuwa kawaida yetu baada ya mechi wachezaji kupita mbele ya benchi mmoja mmoja, kumpa mzee mkono kabla ya kwenda kubadilisha nguo. Kipa aliacha kupita. Alizunguka nyuma ya goli, akakata upande wa ukuta, akaingia chumbani peke yake. Mara ya kwanza nilidhani hakuna aliyeona. Mara ya tatu niliona mwenyekiti akimfuata kwa macho mpaka mlangoni.

Ilikuwa mechi ya uwanja wa manispaa, tumeshinda moja bila, na ushindi wenyewe ulitoka mikononi mwa kipa, aliyeokoa penalti dakika za mwisho. Watu walikuwa wakishangilia. Mwenyekiti alikuwa amesimama na mkono wake wa kulia mbele kidogo, akingoja, na wachezaji wote wakapita isipokuwa yule mmoja. Akaurudisha mkono mfukoni. Alinigeukia, na hakuwa na hasira.

"Katibu, yule kijana hanipi mkono siku hizi. Nimemkosea nini?"

"Sijui, ami."

"Nimefikiri sana, sioni. Lakini mtu hakasiriki bure." Alifikiri tena, mzee wa miaka sitini na kitu, kofia imemlegea kwa joto. "Niulizie nyumba yake huko Majengo. Nitakwenda mwenyewe nimtake radhi, hata kama sijui kosa langu."

Nilimwambia hapana haja ya kujisumbua mpaka Majengo, mimi nitazungumza naye. Aliniuliza tena mara mbili kabla ya msimu kwisha, na mara zote mbili nilimjibu kwamba kijana ana mambo yake.